Fundi Anajibu: Mafuta ya Chipsi Ndani ya Injini ya Dizeli

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache mashine za kusaga zinazoendeshwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi jikoni. Barua zilizofuata, nyingi za Mwanza na visiwani, zinatosha kujaza safu nzima. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Nina mashine ya kusaga hapa Buhongwa, injini ni S195 ya Kichina. Vibanda vya chipsi vya jirani wananipa mafuta waliyokwisha kukaangia. Nikiyachuja na kuyamimina kwenye tangi, injini itakubali? Kama itakubali, nifungeje?
Msaga nafaka, Buhongwa

JIBU: Itakubali, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza kuwa kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ndogo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ikatulia kiasi kwamba ni wachache tu waliogundua. Yako nayo itawaka na itasaga. Madhara huja wiki kadhaa baadaye, wakati umeshawatangazia majirani kwamba umeachana na dizeli.

Chanzo ni mnato, yaani uzito wa mafuta katika kutiririka, unaopimwa kwa sentistoki. Kwenye joto la nyuzi 40, dizeli ina mnato wa sentistoki 2 hadi 4.5. Mafuta ya kupikia kwenye joto hilohilo yana 30 hadi 40. Nozeli iliyotengenezwa kurusha ukungu wa dizeli hurusha matone ukiipa mafuta mazito kiasi hicho. Matone hayaungui yote: mengine yanaganda kuwa kaboni kwenye ncha ya nozeli, mengine yanapita pembeni mwa ringi na kuingia kwenye oili. Ukiyapasha hadi nyuzi 70 au 80, mnato unashuka hadi sentistoki 10 hivi. Bado ni mzito kuliko dizeli, lakini injini ya aina yako inauvumilia.

Tunasema ya aina yako kwa sababu S195 na S1100 zina chumba cha pembeni kwenye silinda hedi, ambamo mafuta huanza kuungua katika hewa inayozunguka kwa kasi kabla moto haujafika kwenye pistoni. Zile zinazoanza na ZS, kwa mfano ZS1115, hurusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Hizo usiziguse. Soma kibati cha injini kwanza.

Bahati yako ya pili ni lile tangi la maji la juu, linalopoza injini kwa kuchemka. Mwanza iko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na hubaki hapohapo kutwa nzima. Huna haja ya kununua kipasha joto. Chukua bomba la chuma la milimita 10, urefu wa mita 2, likunje mizunguko mitatu au minne, lizamishe ndani ya maji hayo bila kugusa kingo. Bomba la shaba lingekunjika kirahisi zaidi, ila shaba huharakisha mafuta ya mimea kugeuka gundi, na mabati yenye zinki nayo si mazuri. Vumilia chuma.

Mpangilio uwe hivi. Tangi la injini libaki na dizeli. Tangi la pili, la mafuta ya kupikia, litundike walau nusu mita juu ya pampu ili mafuta yashuke yenyewe. Kutoka hapo yapite kwenye bomba lililo majini, kisha kwenye filta yake yenyewe, kisha kwenye koki ya njia tatu, kisha pampu. Kipande cha mwisho, kati ya koki na pampu, kisizidi sentimita 30, na ukizungushie kitambaa kizito kitunze joto.

Wengi huweka koki kabla ya filta ili filta moja itumike kwa mafuta yote mawili. Ni kubana matumizi kwa gharama kubwa. S195 yenye mzigo hunywa takriban lita 2.5 kwa saa, yaani mililita 40 kwa dakika. Filta na kikombe chake vikishika nusu lita, itakuchukua dakika 12 kuvisafisha kwa dizeli kabla ya kuzima. Nani ana subira hiyo saa moja jioni? Koki ikikaa jirani na pampu, dakika 3 hadi 5 zinatosha.

Uendeshaji: washa kwa dizeli, weka mzigo, subiri maji yachemke, kisha geuza koki. Kabla ya kuzima rudi kwenye dizeli kwa dakika hizo. Wateja wakikatika na mashine ikawa inazunguka bure, rudi kwenye dizeli vilevile, kwa sababu injini isiyo na mzigo hupoa ndani na hapo ndipo kaboni inapojijenga. Siku ukisahau ukazima bila kusafisha, usizungushe hendeli kwa nguvu asubuhi. Fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, acha mafuta mazito yatoke, dizeli ifuate, legeza nati ya bomba la nozeli, zungusha hadi dizeli itokee, kaza, ndipo uwashe.

Na piga hesabu kabla ya kununua hata koki. Kwa saa 6 za kusaga kwa siku, siku 6 kwa wiki, unahitaji lita 90 kwa wiki. Ongeza kidogo, kwa kuwa lita ya mafuta ya kupikia ina nishati pungufu ya dizeli kwa kama asilimia 5. Tuseme kila kibanda kinakupa lita 5 kwa wiki: unahitaji vibanda 18 au zaidi, na watengeneza sabuni nao wanabisha hodi palepale.

SWALI: Nakusanya mafuta kwa mama lishe na kwa wanaokaanga samaki na mapanki (mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa) karibu na soko la samaki la Mwaloni. Wenye mashine wananunua, lakini mmoja kayarudisha, kasema yana maji. Mafuta yapi ni bora, na nayasafisheje?
Mkusanyaji, Kirumba

JIBU: Aliyekurudishia alikuwa na haki. Maji ndiyo adui wa kwanza wa pampu: hutia kutu ndani ya sehemu zilizosagwa kwa usahihi kuliko kitu kingine chochote kwenye injini hiyo. Ujerumani wana kiwango cha mafuta ya mimea yanayokwenda kwenye injini, DIN 51605, na kinaruhusu maji miligramu 750 tu kwa kilo, chini ya kijiko cha chai katika lita 5. Samaki aliyetoka kuoshwa anaacha maji mengi kuliko hayo kwenye karai, pamoja na chumvi. Habari njema ni kwamba chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukiyatoa maji, nyingi yake inatoka nayo.

Kuhusu aina: mafuta ya mawese yaliyosafishwa, ambayo vibanda vingi vya chipsi hutumia, hayageuki gundi upesi, lakini huganda kwenye ubaridi. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu joto hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na utakuta tabaka jeupe chini ya dumu. Alizeti ya Singida ni kinyume: haigandi, ila huvuta hewa na kuwa kama vanishi ikikaa. Mbegu za pamba ziko katikati. Mawese mekundu ya Kigoma yaache jikoni, huwa nusu uji hata mchana. Mafuta ya mapanki yawekee dumu lake peke yake. Yamechanganyika na shahamu ya samaki, na mafuta ya samaki hugeuka gundi haraka kupita yote. Wauzie watu wa sabuni.

Usafishaji unataka mapipa mawili ya lita 200 na uvumilivu. Pipa la kwanza liweke juu ya stendi, likiwa na koki mbili: moja chini kabisa ya kutolea uchafu, nyingine sentimita 15 juu yake ya kuchotea mafuta. Mimina kupitia wavu wa chandarua ili ngozi za viazi na miiba ibaki. Acha wiki moja. Ukilipaka pipa rangi nyeusi na kuliweka juani, maji yatashuka upesi zaidi. Wakati wa mvua, pasha mafuta hadi nyuzi 60 kwa moto mdogo, zima moto, funika, acha saa 24. Kisha fungua koki ya chini polepole: kwanza yatatoka maji yenye rangi ya chai, kisha uji wa unga wa ngano, kisha mafuta. Funga hapo.

Wapo wanaopeleka joto hadi nyuzi 110 ili maji yakauke. Mafuta yenye maji chini yake, yakifika kwenye joto la kuchemka, hufura kwa mara moja na kumwagika motoni. Kama ni lazima, pasha kiasi kisichozidi nusu ya chombo, na baada tu ya kutoa maji yote ya chini.

Halafu chuja yakiwa yamepoa. Watu huchuja ya moto kwa sababu yanapita upesi, lakini shahamu inayopita ikiwa imeyeyuka itakuja kuganda ndani ya filta ya mteja wako alfajiri. Pitisha kwanza kwenye kitambaa cha jinzi, kisha kwenye mfuko wa kuchujia wa mikroni 5. Ni kazi ya usiku kucha. Iache ijiendee.

Kipimo cha mwisho ni kikaango. Kipashe kikavu hadi kiwe moto sana bila kutoa moshi, tia kijiko kimoja cha mafuta. Yakitulia na kung'aa, uza. Yakitoa viputo au kupasukapasuka, rudisha pipani. Fanya mbele ya mnunuzi, ubishi utakwisha.

Kuna jambo moja hatukuulizwa: vitambaa vilivyolowa mafuta ya alizeti au ya samaki usivirundike kwenye kona ya ghala. Mafuta hayo yakivuta hewa hutoa joto, na rundo la matambara huweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Kwenye nyumba ya mashine yenye vumbi la unga hilo ni balaa. Vianike kimoja kimoja nje, au viloweke kwenye ndoo ya maji.

SWALI: Mashine yangu (S1100) imefanya kazi miezi miwili kwa mafuta ya alizeti yaliyotumika, bila kupasha, nimechuja tu. Sasa inagonga asubuhi, inatoa moshi mweupe, na kwenye kijiti oili imepanda juu ya alama. Nilipoigusa inavutika kama ulimbo. Nifanyeje?
Mwenye mashine, Misungwi

JIBU: Usiiwashe tena hata kwa dakika moja. Oili iliyopanda bila wewe kuongeza ni mafuta ya alizeti yaliyopita kwenye ringi. Yakikutana na joto na chembe za chuma ndani ya karteri (kasha la chini la injini linaloshika oili) huungana kuwa jeli, na jeli haipiti kwenye chujio la pampu ya oili. Injini huendelea kuzunguka huku vyuma vikisagana vikavu, na kitakachofuata ni kununua krankshafti.

Fungua nati ya kumwagia. Isipotoka, fungua kifuniko cha nyuma na uikombe kwa mkono. Toa chujio la oili, liloweke kwenye dizeli, lisugue kwa brashi ya nailoni hadi uone mwanga kupitia matundu. Futa ndani ya karteri kwa dizeli na vitambaa visivyoacha nyuzi. Weka oili mpya ya bei nafuu, endesha kwa dizeli nusu saa, imwage ingali moto, kisha weka oili yako ya kawaida.

Hujamaliza. Toa nozeli uitazame: utakuta kaboni imechanua pembeni ya tundu kama ua. Iloweke kwenye dizeli usiku mzima, ikwangue kwa kijiti cha mti au brashi ya shaba, kamwe si kisu wala brashi ya chuma. Mpelekee fundi pampu aipime: S195 na S1100 hufunguka kwenye baa 120 hadi 130, na mnyunyizo uwe ukungu ulio sawa pande zote, bila tone kuning'inia nchani. Moshi mweupe ukiendelea na nozeli ni nzima, ringi zimekwama kwenye mifereji yake. Hapo ni kutoa pistoni.

Ukirudi kwenye mafuta haya, fuata jibu la kwanza hapo juu, na badilisha oili kila saa 50 badala ya 100. Kila asubuhi dondosha tone la oili ya kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe. Likisambaa, sawa. Likibaki limesimama kama kidonge, mwaga siku hiyohiyo.

SWALI: Nina Hiace yenye injini ya 5L, natembea Igoma hadi mjini. Na ndugu yangu ana Land Cruiser ya 1HZ ya safari ndefu. Inafaa?
Dereva, Igoma

JIBU: Ya ndugu yako inafaa, yako haifai, ingawa injini zote mbili zina chumba cha pembeni. Tofauti ni njia. Daladala husimama, huunguruma bila mzigo, huzimwa kituoni, huwashwa tena. Injini ya namna hiyo ingetumia dizeli karibu muda wote, na mfumo uliofunga ungekuwa mzigo wa bure.

Kwa 1HZ inayokwenda Musoma au Bukoba: tangi la pili, kibadilisha joto cha sahani kinachopata maji ya moto kutoka kwenye bomba la hita, filta ya pili, na kipimajoto mara tu baada ya kibadilisha joto. Asigeuze koki kabla ya nyuzi 70. Pampu ya 1HZ hurudisha mafuta mengi kwenye tangi, kwa hiyo koki iwe ya njia sita, igeuze mafuta yanayokwenda na yanayorudi kwa pamoja. La sivyo, dizeli itaishia kwenye tangi la mafuta ya chipsi, au kinyume chake. Mipira iwe ya Viton (mpira wa kiwandani unaostahimili mafuta), kwani mpira wa asili huvimba. Na kila gari la komoni reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa), injini za 1KD na 2KD zikiwemo, liache kabisa. Shinikizo la humo ni la baa zaidi ya elfu moja, na nozeli moja ni ghali kuliko akiba ya mwaka.

SWALI: Sisi wavuvi wa Nansio tunaumia na bei ya petroli. Mafuta haya yanaweza kuingia kwenye injini ya boti, Yamaha ya farasi 15?
Mvuvi, Ukerewe

JIBU: Hapana, ndugu. Hiyo ni injini ya petroli inayowashwa kwa plagi, na mafuta ya kupikia hayawaki kwa cheche. Hata kuyachanganya kidogo kwenye petroli badala ya oili ya 2T msijaribu, mtabaki katikati ya ziwa na plagi iliyolowa. Mwenye boti kubwa yenye dizeli ya ndani naye atazame inapozwaje: nyingi huvuta maji ya ziwa moja kwa moja, na maji hayo hayafiki joto la kutosha kupasha mafuta.

SWALI: Nasoma ufundi. Kwa nini msiwashauri watu watengeneze dizeli ya mimea kabisa, badala ya kuhangaika na mabomba?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Kikemia uko sahihi. Dizeli ya mimea ina mnato wa sentistoki 4 hadi 5, haihitaji tangi la pili. Ila tazama kazi yenyewe.

Kwanza pima asidi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji safi ya betri (si ile asidi). Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za spiriti ya isopropili, tia binzari manjano kidogo, kisha dondosha maji ya kostiki kwa bomba la sindano hadi umanjano ugeuke wekundu na usimame hivyo sekunde 15. Mililita ulizotumia, jumlisha 3.5, ndizo gramu za kostiki kwa kila lita ya mafuta. Ikiwa 2, basi ni gramu 5.5, na kwa dumu la lita 20 ni gramu 110. Mililita za kipimo zikizidi 5, mafuta hayo ni ya sabuni.

Kostiki hiyo uiyeyushe kwenye lita 4 za methanoli, uchanganye na mafuta makavu yaliyo kwenye nyuzi 55, ukoroge saa 1. Usivuke joto hilo, methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7. Acha yatulie usiku mzima. Gliserini nyeusi hukaa chini, itoe. Osha kilichobaki kwa maji mara tatu, taratibu, kisha kikaushe. Kujua kama kimeiva, tia mililita 3 kwenye mililita 27 za methanoli: ikiyeyuka yote, sawa, tone likizama chini, ni mafuta ambayo hayajageuka.

Sasa methanoli. Mvuke wake ni sumu, hupita hata kwenye ngozi, hupofusha, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Si kitu cha kukorogea kwenye ndoo nyuma ya nyumba yenye watoto. Maji ya kuoshea na gliserini nayo yanataka pa kwenda, na mtaro unaoshuka ziwani si mahali pake. Kwa karakana ya chuo yenye mwalimu na feni, jifunzeni, tena kwa lita moja moja. Kwa mwenye S195 moja, bomba la chuma ndani ya maji yanayochemka ni rahisi na salama zaidi.

SWALI: Fundi kaniambia nichanganye nusu mafuta ya chipsi, nusu mafuta ya taa, niweke kwenye trekta, Massey Ferguson 240. Kuna ubaya?
Mkulima, Sengerema

JIBU: Upo, tena mara mbili. Injini ya Perkins ya trekta hiyo hurusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na pampu yake ya mzunguko ya CAV ni dhaifu mbele ya mafuta mazito. Mafuta ya taa huyapunguza uzito mchana, lakini alfajiri yangali mazito, na shafti ya pampu hiyo huweza kukatika wakati wa kuwasha. Kama umeshayatia, mwaga tangi, badilisha filta zote, jaza dizeli, toa hewa, na uendeshe saa nzima ukiwa na jembe ardhini kabla ya kuizima.